Pipa la Akiba Lisigeuke Kitalu cha Mbu: Dengue, Nyumba Yako na Shamba Lako

Najua umezoea kunisoma nikiongelea zabibu, nyanya, alizeti na kuku. Leo naomba unipe nafasi tuongee habari ya homa. Usikimbie. Ukifika mwisho utaona tumeongea kilimo kitupu, maana mkulima akilala kitandani wiki mbili katikati ya msimu wa nyanya, Kantangaze hamsubiri apone.

Nianze na yaliyonikuta mimi mwenyewe, ili usidhani nahubiri kutoka juu ya mti.

Mei 2019 nilikwenda Dar es Salaam kikazi. Nilifikia kwa dada yangu, Kinondoni, nikakaa siku sita. Mwaka ule dengue ilikuwa imepamba moto Dar. Nilikuwa naisikia redioni, lakini nilijiambia mimi nalala ndani ya chandarua, mbu atanipatia wapi? Sikujua kwamba mbu wa dengue zamu yake ni mchana. Asubuhi nilikuwa nakunywa chai kibarazani miguu wazi, jioni tunakaa palepale tunapiga stori. Nikang'atwa, nikajikuna, nikasahau.

Nilirudi Dodoma nikiwa mzima kabisa. Siku ya tano baada ya kurudi, niko kwa mkulima mmoja wa zabibu tunakagua mizabibu, homa ikanipanda ghafla. Kichwa kikagonga. Nyuma ya macho kukawa kunauma kiasi kwamba hata kutazama pembeni ilikuwa kazi. Mgongo na viungo vikawa kama nimepigwa rungu. Nikafanya kile ambacho wengi wetu tunafanya: nikapitia duka la dawa, nikasema, "Nipe dawa ya malaria na kitu cha kutuliza maumivu." Sikupimwa. Nikapewa dawa mseto na diklofenaki, nikameza, nikalala.

Siku ya tatu mke wangu akachoka kuniangalia. "Baba watoto, hii siyo malaria ya kulala nayo ndani. Simama twende."

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari akaniuliza, "Bwana shamba, umesafiri hivi karibuni?"

"Nilikuwa Dar, dokta. Nimerudi wiki iliyopita."

"Na dawa gani umemeza?"

Nikamtajia. Akaweka kalamu chini. "Hiyo diklofenaki iache leo hii hii."

Kipimo kikaonyesha dengue. Akaniambia nirudi nyumbani, ninywe maji mengi, nimeze parasetamo tu, na nirudi kesho yake kupimwa damu. Kesho yake asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Aisee, nilifurahi! Nikavaa buti, nikasema hospitali nitapita jioni, kwanza shamba. Nikapiga mswaki, povu likatoka jekundu. Fizi zinavuja damu. Kabla sijafika mlangoni tumbo likanishika, nikakaa chini. Siku hiyo nililazwa, nikatundikiwa dripu, nikatoka baada ya usiku wa pili.

Lakini kitanda cha hospitali siyo kilichoniuma zaidi. Nilipotoka, mwanangu wa darasa la nne akanivuta mkono. "Baba, njoo uone, kwenye pipa lako kuna vidudu vinacheza."

Lilikuwa pipa la lita 200 nyuma ya nyumba. Nililijaza siku maji ya bomba yalipotoka, yawe akiba ya kumwagilia kitalu changu cha miche ya nyanya. Juu nilikuwa nimelifunika kipande cha bati kisichoziba. Ndani viluwiluwi wamejaa, wanapanda na kushuka. Nikasimama pale nimeduwaa. Mtaalamu wa vitalu nimeotesha kitalu cha mbu hatua kumi kutoka chumba nilicholala mgonjwa siku tatu, mchana, mlango wazi. Sikuwa na darubini ya kujua ni mbu wa aina gani. Nilichojua baadaye ni kwamba pipa kama lile ndilo pahala hasa mbu wa dengue anapopapenda, na kwamba damu yangu siku zile ilikuwa na virusi. Hakuna jirani aliyeugua. Ilikuwa bahati, haikuwa akili yangu.

Ndiyo maana naandika.

Ni ugonjwa gani huu?

Dengue ni homa inayoletwa na virusi. Hauambukizwi kwa kugusana, kukohoa wala kula sahani moja. Unasambazwa na mbu jike aitwaye Aedes. Ni mbu mdogo, mweusi, mwenye madoa na pete nyeupe miguuni. Anamuuma mgonjwa, anabeba virusi, na baada ya siku 8 hadi 12 hivi anaanza kuwapa watu wengine, na ataendelea hivyo hadi afe.

Wengine wanadhani ni ugonjwa mpya ulioingia na ndege. Siyo kweli. Daktari James Christie kutoka Uingereza, aliyefanya kazi Unguja, aliandika habari za homa ya viungo iliyoikumba Zanzibar mwaka 1870. Wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee wa wakati ule walikumbuka homa kama hiyo iliyopita mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaoona kuwa hata hilo jina dengue limetokana na Kiswahili chetu, na mpaka leo utasikia watu wakiiita kidingapopo. Ndugu yake mwingine, chikungunya, alitambuliwa mara ya kwanza huku kwetu kusini, Newala, mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, linaloeleza mtu aliyejipinda kwa maumivu. Mbu anayezisambaza ni yuleyule.

Miaka ya karibuni Dar es Salaam imepata milipuko zaidi ya mara moja. Ule wa 2014 uliipiga sana Kinondoni. Wa 2019 ulikuwa mkubwa zaidi: wagonjwa zaidi ya 6,000 walithibitishwa nchini, wengi mno wakiwa Dar, Tanga ikifuata kwa mbali, na mikoa mingine ikapata wachache wachache.

Virusi vya dengue viko vya aina nne. Ukiugua aina moja unapata kinga ya hiyo, lakini siyo ya zile nyingine kwa muda mrefu. Na ukiugua mara ya pili kwa aina tofauti, uwezekano wa kuugua vibaya unaongezeka. Kwa hiyo mtu asikwambie, "Mimi nilishaugua, nimemaliza." Mimi ambaye nimeshaugua ndiye natakiwa kuwa mwangalifu kuliko wewe.

Dodoma kukavu hivi, mbu atoke wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila nikiligusa jambo hili, na ndilo kosa letu kubwa. Tumezoea kwamba mbu ni mambo ya mabwawa, mpunga na masika. Kwetu mvua ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, inanyesha Desemba hadi Aprili, halafu jua mpaka Desemba nyingine. Sasa mbu anaishije?

Anaishi kwenye akiba yetu. Mbu wa dengue hapendi dimbwi la matope wala mto. Anapenda maji yaliyotulia, masafi kiasi, ndani ya chombo, karibu na watu. Na sisi watu wa Dodoma, kwa sababu maji ni ya shida, kila nyumba ina pipa, ndoo, madumu, mtungi au simtanki. Yaani ule ukame tunaoutegemea utulinde ndio unaotufanya tuweke maji, na maji hayo ndiyo anayotafuta.

Halafu kuna jambo la mayai. Jike hatagi katikati ya maji. Anabandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa makavu miezi mingi, kama mbegu ghalani. Siku ukijaza pipa na maji yakayafikia, yanaanguliwa. Kutoka yai kuanguliwa mpaka mbu mwenye mabawa ni siku 7 hadi 10 tu kwenye joto letu. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Usiposugua ukuta wa pipa, umevuna majani ukaacha mizizi.

Wazee wetu wa mifugo jambo hili wanalifahamu kwa njia nyingine. Homa ya Bonde la Ufa ilipoupiga mkoa wetu mwaka 2007, ng'ombe na mbuzi wakatupa mimba, watu wakaogopa hata kununua nyama. Zaidi ya watu 140 walifariki nchini, na Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko mikoa yote. Mbu walioianzisha ni wa ukoo huohuo wa Aedes, ingawa siyo mbu yuleyule wa dengue. Mayai yao yalikuwa yamelala kwenye udongo mkavu wa mabonde, mvua kubwa zikaja, yakaamka. Ukame hauui ukoo huu. Unaulaza tu.

Ongeza na kukua kwa mji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya Jiji la Dodoma pekee. Kila kona kuna saiti ya ujenzi, na kila saiti ina mapipa ya maji ya zege. Tangu 2024 treni ya SGR inamtoa mtu Dar mpaka Dodoma kwa saa nne hivi. Dalili za dengue zinatokea siku 4 hadi 10 baada ya kung'atwa. Maana yake mtu anaweza kung'atwa Dar Jumatatu, akashuka Dodoma Jumanne akicheka, na akaanza kuumwa wikiendi akiwa kitandani kwake, karibu na pipa lake.

Na wewe mkulima unayepeleka nyanya au vitunguu Ilala na zabibu kwa wateja wa mjini, ndiwe msafiri huyo. Unafika sokoni alfajiri, unasubiri bei mpaka jioni, miguu wazi. Hizo ndizo saa za mbu huyu: asubuhi baada ya jua kuchomoza, na jioni kabla halijazama.

Utaitambuaje?

Dengue inafanana na malaria, mafua makali na homa nyingine, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Lakini zishike dalili hizi:

- Homa kali inayopanda ghafla, mara nyingi hadi nyuzi 39 au 40.
- Kichwa kuuma sana, hasa nyuma ya macho.
- Maumivu ya misuli, mgongo na viungo.
- Kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya kula.
- Vipele au wekundu wa ngozi, mara nyingi siku chache baada ya homa kuanza.

Watu wengine hawaonyeshi dalili kabisa, lakini bado mbu anaweza kuchukua virusi kwao.

Sasa sikiliza vizuri. Mkoa wetu ni miongoni mwa ile yenye maambukizi madogo ya malaria nchini. Kwa hiyo homa ya Dodoma ukiiita malaria kabla ya kupima, kuna uwezekano mkubwa umekosea. Pima. Kipimo cha haraka cha malaria kipo zahanati. Kikionyesha malaria, tibu malaria. Kisipoonyesha, usiseme "kipimo kibovu" ukaenda kununua dawa kimyakimya. Mwambie mhudumu mambo matatu: homa ilianza siku gani, umesafiri wapi ndani ya wiki mbili zilizopita, na umeshameza dawa gani. Mie ningeyasema hayo siku ya kwanza, nisingemeza diklofenaki siku tatu.

Na kama ulimzalisha mnyama, ulishika mimba iliyotupwa au ulichinja mnyama mgonjwa, sema pia. Hapo daktari atawaza mambo mengine.

Ukiwa mgonjwa nyumbani

Hakuna dawa inayoua virusi vya dengue. Matibabu ni kuusaidia mwili upite salama. Pumzika. Kunywa sana: maji, uji mwepesi, supu, juisi, maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kwa homa na maumivu tumia parasetamo, kwa dozi iliyoandikwa, usizidishe ukidhani utapona haraka, kwani ikizidi inaharibu ini. Mtoto apewe kwa kipimo chake kama alivyoelekezwa na mhudumu.

Usimeze aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Dengue inapunguza chembe sahani, zile zinazogandisha damu unapojikata. Dawa hizi zinaongeza hatari ya kutoka damu, na tumbo linaweza kuvuja ndani usione. Soma jina kwenye boksi kabla ya kulipa. Dawa za mchanganyiko wa maumivu nyingi zina mojawapo ya hizo ndani.

Juisi ya majani ya mpapai najua itakuja, shemeji ataileta kwenye chupa. Sitaki kugombana na shemeji wa mtu. Nasema tu isikucheleweshe kwenda hospitali, na isichukue nafasi ya vipimo.

Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana. Siyo kwa ajili yake tu. Ni ili mbu wasichukue virusi kutoka kwake wakawapelekea watoto na majirani.

Siku homa inaposhuka

Hapa ndipo nilipotaka kupotelea, kwa hiyo nakuomba usome mara mbili.

Kwa wengi homa inakaa siku 2 hadi 7, inashuka, na mtu anapona. Lakini kwa wachache, ule wakati homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, ndipo ugonjwa unapogeuka mkali. Mishipa midogo inaanza kuvujisha maji ya damu, presha inashuka, damu inatoka. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za kuangaliwa kwa makini. Mtu anajiona amepona, anashika jembe, na hapo ndipo anaanguka.

Ukiona mojawapo ya haya, usisubiri asubuhi, nenda hospitali:

- Tumbo kuuma sana bila kuacha.
- Kutapika mfululizo.
- Damu kwenye fizi au puani, kwenye matapishi, au choo cheusi.
- Kupumua haraka.
- Ngozi kuwa ya baridi na mgonjwa kupauka.
- Kuchoka kupita kiasi, kuhangaika au kusinzia isivyo kawaida.
- Mkojo kupungua sana.

Mama mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mwenye kisukari au ugonjwa mwingine wa muda mrefu aende hospitali mapema, hata kama dalili hizi hazijatokea.

Kagua nyumba kama unavyokagua nyanya

Mnanijua kwa wimbo mmoja: kagua shamba kila wiki. Nikikukuta umeona Kantangaze wakati majani yote yameshachorwa, nakugombeza. Sasa mbu wa dengue tumkague vivyo hivyo. Kwa kuwa anahitaji siku 7 hadi 10 kukamilika, ukaguzi mmoja kila wiki unamkata kabla hajapata mabawa. Na kwa kawaida haruki mbali, ni mita 100 au 200 hivi kutoka alipozaliwa. Mbu anayekung'ata nyumbani kwako huenda umemfuga wewe au jirani yako.

Singapore, mji tajiri kuliko yote tunayoijua huku, wakaguzi wanaingia mpaka majumbani kutafuta viluwiluwi, na anayekutwa nao anapigwa faini. Sisi tusisubiri faini. Chagua siku. Kwangu ni Jumamosi asubuhi, natembea na mwanangu, yeye ndiye mkaguzi mkuu. Tunapita hivi:

Mapipa na ndoo. Funika kwa mfuniko unaobana. Kama hauna, kata kipande cha wavu wa mbu, tandaza juu, funga kwa mpira wa tairi ya baiskeli pande zote. Kila wiki mwaga yaliyobaki kwenye miche, usipoteze, kisha sugua ukuta wa ndani kwa brashi ngumu na sabuni kabla ya kujaza tena.

Simtanki. Angalia mfuniko wa juu na bomba la kumwagia maji yanapozidi. Hilo bomba ndilo mlango wa mbu ambao hakuna anayeukumbuka. Lifunge wavu. Kwa wenye umwagiliaji wa matone, kagua pia kisahani cha maji chini ya koki inayovuja.

Kitalu. Trei zilizorundikwa zikitazama juu, keni, viriba vitupu, makopo ya kupimia. Vigeuze vitazame chini au viweke chini ya paa. Turubai lililokunjwa vibaya nje linashika maji kwenye mikunjo.

Banda la kuku. Vyombo vya maji vimwagwe na kusuguliwa kila siku, jambo ambalo kuku wako wanalihitaji hata bila dengue. Vile ambavyo havitumiki usiviache nje na maji ya mvua.

Tairi. Tairi la zamani ni hoteli ya mbu. Hata ulikaushe vipi, maji yanabaki ndani. Liweke chini ya paa, au litoboe matundu chini, au lijaze udongo upandie mboga.

Chupa za viuatilifu. Suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye bomba la kupulizia, kisha toboa chupa. Nimekuwa nikilisema hili kwa ajili ya sumu. Leo lina sababu ya pili.

Saiti. Kama unajenga, mapipa ya fundi na mashimo ya maji ya zege ni yako. Fundi akiondoka Ijumaa, hayatakiwi kubaki na maji mpaka wiki nyingine.

Bwawa la kumwagilia. Bwawa kubwa lililotandikwa plastiki siyo chaguo la kwanza la mbu huyu, ila mbu wengine watakuja. Weka perege. Wanakula viluwiluwi, na siku ya siku unakula perege.

Kuna pia dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi, na kiwanda kipo hapa nchini, Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Inatumia bakteria. Mmojawapo ni ndugu wa yule Bt ambaye baadhi yenu mnampulizia viwavi. Ulizia kwa afisa afya wa kata yako namna ya kuipata na mahali inapofaa.

Na hapa nitapaza sauti. Usimwage kiuatilifu cha shambani kwenye pipa la maji ili kuua viluwiluwi. Sijali ni kidogo kiasi gani. Sumu ya viwavi haikupimwa kwa ajili ya maji ambayo mtoto atachota na kikombe. Brashi, sabuni na wavu vinatosha.

Upuliziaji wa moshi mitaani nao una kazi yake wakati wa mlipuko, lakini unaua mbu wanaoruka tu. Mayai ukutani na viluwiluwi ndani ya pipa vinabaki, na baada ya wiki kikosi kipya kinatoka.

Kwa mwili wako, vaa suruali na mikono mirefu asubuhi na jioni, paka dawa ya kufukuza mbu, hasa ukiwa safarini Dar au Tanga. Chandarua usikitupe. Malaria bado ipo, na anayelala mchana anakihitaji kwa dengue pia, watoto wadogo hasa.

Hesabu ya mwisho

Kijana mmoja aliniambia, "Bwana shamba, mambo ya usafi hayo ni ya bibi afya, sisi tuambie bei." Basi tuhesabu. Mimi nilikaa bila nguvu karibu wiki tatu, maana hata baada ya kupona uchovu ule hauondoki haraka. Miche yangu ya nyanya ilipitiliza kitaluni, ikarefuka kama vijiti, nikaitupa. Vibarua nilikuwa nimeshawalipa nusu. Dirisha la soko likapita. Kipande cha wavu ambacho kingefunika lile pipa kingetoka kwenye chandarua kikuukuu kilichokuwa kimetundikwa juu ya kuku wangu.

Jumamosi hii, kabla hujaenda shambani, zunguka nyumba yako. Chungulia kila kitu kinachoshika maji. Ukikuta vidudu vinacheza, umeshajua ni nini na umeshajua la kufanya. Na ukirudi kutoka Dar na homa, usipite duka la dawa kwanza.

Makala ijayo narudi kwenye zabibu, kupogoa na wakati wake. Mbaki salama.